Kipimo cha Damu na Vidonge vya Shemeji

Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kupendeza, na hilo nusura limuue. Walikuwa wamemkata mfuko wote wa chakula kwa sababu ya kansa, wakaunganisha koo na utumbo, na bado kila asubuhi madaktari wakipita anajikaza kwenye mto na kujibu, "Niko fiti, afande!" Afande mwenyewe ni daktari msichana, rika la kifungua mimba wetu. Wodi nzima inacheka. Wauguzi wanampenda. Mimi niko kwenye stuli yangu nasema moyoni, hebu mtazame huyu mzee anavyojitia.

Jeshini alitoka zamani, ila mwenyewe hajui. Ni mtu wa kaskazini mwa Uganda, mimi ni Mkenya ninayeuza vitunguu soko la Nakawa hapa Kampala, na tangu tuoane tunagombana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee tunayoielewa sote wawili.

Kaka yake, naye mwanajeshi mstaafu, alikuwa amehamia hospitalini kabisa. Kazi yake ilikuwa kukalia kitanda cha mgonjwa, mahali sista alishamkataza, na kulinda damu. Daktari alikuwa anavuta damu kidogo kila asubuhi, na kila asubuhi shemeji ananinong'oneza, "Jana wamechukua, leo tena? Hawa wanauza." Haya, na nani anunue? Damu ya ukoo wenu yenye ubishi namna hiyo, nani ataitaka mwilini mwake?

Daktari alitueleza sote, tena bila haraka. Ukipasuliwa, kuna kitu kwenye damu kinachopanda, wao wanakiita CRP. Kinapanda kwa kila mtu, maana kisu chenyewe ni jeraha. Baada ya siku chache lazima kianze kushuka. Kikikataa kushuka, au kikizidi kupanda, huenda pale walipounganisha panavuja na usaha unajikusanya ndani, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Ndiyo maana hawangoji homa. Shemeji alisikiliza akitikisa kichwa kwa heshima zote, halafu daktari alipoondoka akasema, "Mtoto mdogo. Atajua nini?"

Siku ya kipimo kupanda ilifika. Shemeji alikuwa ameshamnunulia mgonjwa shati la mtumba la soko la Owino la kurudia nyumbani, la mistari, kubwa kama hema. Daktari akaniita kwenye korido. Akaniambia kile kipimo kimepanda sana tangu jana na chembe nyeupe za damu nazo zimepanda. Lakini mgonjwa hana homa na anasema haumwi. Walikuwa wamempunguzia dawa za maumivu kwa sababu ya hayo hayo majibu yake ya kijeshi. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine anakunywa?"

Nikamwambia hakuna. Tena niliapa, mjinga mimi.

Nikarudi kumtandikia shuka. Nilipoinua mto, nikakuta vidonge vya Panadol, ukanda mmoja, vingi vimeshatolewa. Nikamtazama mume wangu. Akatazama dirisha. Nikamtazama shemeji, na huyo bwana hata aibu hakuona. Akakiri kwamba alikuwa anaviponda, anavikoroga kwenye yale maji mgonjwa aliyoruhusiwa kuonja, na anamnywesha kabla sista hajapita na kipimajoto. Eti ili homa isionekane, wasimzuie kurudi nyumbani.

"Ni dawa ya kichwa tu, shemeji," akasema. "Kosa liko wapi?"

Jamani. Watu wazima wawili, wamebeba bunduki, wamelea watoto, wanakaa hapa kudanganya kipimajoto! Nilimwita daktari, nikamwonyesha ule ukanda. Hakupiga kelele. Alisema Panadol inaficha homa lakini haifichi kile alichokiona kwenye damu, na kwamba mgonjwa aende leo hii kupigwa picha ya tumbo kwa mashine. Akahitaji mgonjwa akubali.

"Mtu anatembea, anacheka," shemeji akadakia, "mnamtia mashine kwa sababu ya namba ya karatasi? Tunaenda nyumbani." Akachukua lile shati akaanza kulikunjua.

"Niko fiti," mume wangu akasema.

Nilimwambia shemeji atoke. Akaniambia nisimwamrishe, huyu ni damu yake. Nikamwambia hiyo damu unayojidai nayo imeshakusema, toka. Nadhani sauti ilinitoka kuliko nilivyokusudia, kwa sababu alitoka na shati mkononi, na wageni wa kitanda cha jirani nao wakatoka.

Tukabaki wawili, daktari amesimama mlangoni. Nikamwambia mume wangu, "Kohoa."

"Kwa nini?"

"Kama huumwi, kohoa."

Akavuta pumzi. Hakufika popote. Uso ukamgeuka rangi ya jivu, akashika ubavu wa kushoto, jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Nilimngoja. Akanyoosha mkono kwa daktari aliyekuwa mlangoni, na hakumwita afande.

Picha ilionyesha usaha pembeni ya ule muunganiko. Walipitisha bomba dogo ubavuni bila kumpasua upya, ukatoka uchafu ambao sitaueleza, wakamtia dawa za mshipani. Daktari alisema wangechelewa kidogo ungesambaa tumbo zima. Shemeji aliposikia hivyo aliwapigia simu ukoo mzima kuwaeleza jinsi alivyowashinikiza madaktari wafanye haraka. Mwache huyo.

Kile kipimo kilipoanza kushuka, nilikuwa namlisha uji mwepesi kwa kijiko. Nikamuuliza alikuwa anamficha nani maumivu yake. Akasema hakutaka kaka yake amwone akilia.

"Na mimi je? Ungekufa na Panadol zako chini ya mto?"

Akafikiri. "Wewe ungelia, mama watoto, halafu ungerudi sokoni. Una nguvu."

Alisema hivyo kwa upole, kama ananisifu. Hasira iliyonipanda, hata shemeji hajawahi kunipandisha namna hiyo. Kumbe alishapiga hesabu ya kufa kwake, na kwenye hiyo hesabu mimi ni mtu wa kubeba mzigo tu. Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia sina nguvu, nani alikudanganya? Na nikaanza kulia palepale, kwa sauti, wagonjwa wote wakigeuka, ili aone vile ingekuwa.