Nimeenda na Kuku Kwenye Upimaji wa Neema

Jamani, leo nimeaibika hadi nacheka peke yangu!

Nimempeleka binti yangu Neema mjini Tunduma, apimwe kwa nini kusoma kunamshinda.

Mie nikadhani ni mtihani. Nikabeba kuku wa kumlainisha mpimaji!

Katikati ya maswali, kuku kapiga kelele kwenye kikapu.

Mpimaji akacheka: "Mama, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Tunatafuta njia ya kumfundisha."

Na imepatikana! Herufi zinamchanganya, ila hadithi aliyosomewa mara moja kairudia yote. Basi atafundishwa kwa kusikiliza.

Njiani Neema akauliza, "Kwa hiyo mimi si mzembe?"

Nani alikuwa anamwita hivyo? Mimi mama yake.

Tumefika nyumbani Isansa, kuku tumemchinja.

Firigisi ya baba leo kala Neema!