Leo nimewaambia watoto wa shule kwamba kiboko ni mtamu

Leo nimenyamazisha darasa zima hapa Tumba, Uswidi.

Binti yangu Neema, ana miaka minane, alikuwa anawaeleza wenzake habari za viboko. Alichora mama na mtoto wake majini. Asubuhi aliniambia mchoro ni wangu, nitaupata akimaliza.

Mwalimu akasema baba Neema amekulia kando ya ziwa kule Kongo, basi atuambie kidogo.

Bon, nikasimama. Nikasema viboko walikuwa wengi mpaka mitumbwi ilikuwa inawazunguka.

Halafu nikaongeza kwamba nyama yao ni tamu, ina mafuta.

Jamani, sisi mnyama akitajwa si lazima mtu aseme analiwaje?



Mtoto mmoja akauliza kama bado wapo.

Hapo nikakumbuka vita. Askari waliwapiga risasi wale viboko, nyama ikauzwa barabarani, mama yangu akanunua. Tulikuwa tunakimbia, na tulikuwa na njaa. Siku tunaondoka sikuona hata masikio juu ya maji.

Nikajibu wamebaki wachache. Nikakaa.

Njiani kurudi nyumbani Neema akaniuliza, kwa Kiswidi, lugha anayotumia akikasirika, kama nilimla mama au mtoto.

Nikamwambia sijui, ilikuwa nyama tu, imefungwa kwenye majani.

Hajaniuliza tena.

Ninyi mliopita njia ile ile, watoto wenu mnawajibu nini?

Mchoro bado uko kwenye begi lake. Sijathubutu kuuomba.