Gego Langu na Kimya cha Mama

Mimi ni mtu wa bucha. Tangu ujana wangu kazi yangu ni kupasua mifupa ya ng'ombe juu ya gogo pale Zinga, kando ya barabara ya Dar, na sijapata kuogopa damu wala shoka. Lakini niambie kuna mtu anataka kuniingiza koleo mdomoni, natafuta mlango wa kutokea. Wateja wanaolijua hilo hunicheka mpaka wanasahau kudai nyongeza, nami nawaacha wacheke.

Jino lenyewe lilikuwa gego la mwisho, la chini, upande wa kulia. Lilichelewa kuota, na lilipoota likaja kwa ubavu, nusu nje nusu ndani ya ufizi, kama mgeni aliyekalia kizingiti, haingii wala haondoki. Kwa miaka likawa linauma na kunyamaza. Nikalitibu kama wanavyotibu waoga wote wa huku kwetu: maji ya chumvi, karafuu, na vidonge vya duka la dawa. Vidonge hivyo nilivimeza mpaka maumivu yakapoa, vilivyobaki nikavitia kabatini vingoje safari nyingine. Mke wangu akisema dozi haikatizwi, nami namjibu kwamba ugonjwa ukishakwenda, dawa utampa nani?

Safari hii dawa ya kabatini ilikataa. Shavu likajaa na kung'aa, taya likakaza hata kidole hakipiti baina ya meno. Bucha nikamwachia mwenzangu, nikakaa nyumbani Bagamoyo nimejifunga kitambaa chini ya kidevu, mkali kwa kila anayenisemesha.

Kila mtu alikuwa na shauri, na shauri lilikuwa moja tu: nenda ukaling'oe. Mke wangu ndiye aliyeongoza. "Baba watoto," aliniambia, "vichwa vya ng'ombe unavipasua kila siku asubuhi, leo jino moja tu linakutoa jasho?" Nilimwonyesha mlango kwa kidole, kwa kuwa kusema kuliniuma. Hakutoka. Mke wangu haonyeshwi mlango.

Aliyenyamaza alikuwa mama. Na mama yangu, anayeishi nasi, si mtu wa kunyamaza. Ni mtoto wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kazaliwa humo na kulelewa humo, na ana la kusema juu ya chumvi ya mchuzi, juu ya posa za watu asiowajua, hata juu ya namna mwadhini anavyovuta sauti. Lakini kwa jino langu hakutoa neno. Alinipikia uji mwepesi, akachemsha karafuu, akaniwekea kikombe karibu, akaondoka. Mimi nilijua sababu, na katika nyumba ile tulikuwa wawili tu tulioijua vizuri.

Baba yangu alikufa kwa taya. Nilikuwa mdogo, wa umri wa kwenda chuo cha Kurani na ubao. Jino lilimuuma, akaenda kung'olewa, akarudi nyumbani, na haikupita wiki tukamzika. Baba alikuwa Mkwere wa Lugoba, na dada zake waliposhuka msibani walikuwa na hadithi yao tayari, nayo imedumu hadi leo: kaka yao alikuwa mzima, mkewe ndiye aliyemtoa nyumbani akamkabidhi kwenye koleo. Waliisema msibani, na baadaye waliisema hata kwenye shughuli za arusi, wanamenya vitunguu saumu na mama yupo palepale anachambua mchele. "Wapo waliomwambia ndugu yetu nenda," husema mmoja, na mwingine huitikia, "Akaenda moja kwa moja." Mama haachi kuchambua. Sikumsikia akijibu hata siku moja, na sitaficha, kimya chake kilinikasirisha. Niliona kama anakubali. Nikakua nikiamini kwamba baba aliuawa na koleo, na aliyempeleka ni mama.

Basi ndiyo maana hakuniambia nenda. Neno hilo alishalisema kwa mtu mmoja.

Ikafika asubuhi ambayo uji haukushuka. Nilipiga funda dogo, likazunguka mdomoni, likanitokea puani. Mate nayo yakakataa kwenda chini, nikawa nayapokea kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi, ananitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaiweka kata chini, akaingia chumbani, akatoka amevaa buibui lake la kutokea.

"Nenda," akasema. "Inuka twende."

Nikajaribu kusema mama, ngoja kwanza, lakini mdomo haukufunguka.

"Nimesema inuka. Ukifa watasema nimeua wawili. Waache waseme."

Mwanamke huyu alijua kuliko mtu yeyote duniani neno lile lingemgharimu nini, maana alikuwa akililipia tangu mimi sijabalehe, na bado alilitoa kinywani mara ya pili. Nimewaona wanaume wakisifiwa ushujaa kwa mambo madogo sana. Niliinuka, si kwa kuwa hofu ilikuwa imenitoka, bali kwa kuwa niliona haya kukaa mbele ya mtu jasiri namna ile.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji. Mama akabaki nje kwenye benchi na tasbihi yake, mimi nikaingia.

Daktari wa meno alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniamkia shikamoo baba, nikamwitikia kwa kichwa. Akanikalisha kwenye kile kiti kinacholala, akaona mikono yangu ilivyokamata vyuma vya pembeni, akacheka kidogo.

"Baba, mtu mwoga hivi ni kabila gani?"

"Mkwere," nikasema kwa nusu ya mdomo.

Akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Leo nimepata mtani!"

Nikajua nimekamatika. Wanyamwezi walishuka na mizigo hadi Bagamoyo toka enzi za misafara, na tangu hapo ni watani zetu. Mtani anakutukana, anachukua kuku wako, anakaa juu ya jeneza lako akidai alipwe ndipo uzikwe, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Babu zangu walibeba pembe za ndovu mpaka mlangoni kwenu," akasema huku anavaa glavu, "na mkawauzia hata maji ya kunywa. Mimi si mkorofi. Nadai jino moja tu. Haya kasirika, nione!"

Nikacheka, na kucheka kukaniuma mpaka machozi. Mtu mwingine angenisemesha hivyo ningeondoka. Lakini mtani hakimbiwi, na mbele yake huna heshima ya kulinda, kwa hiyo aliponiuliza hasa ninaogopa nini, nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno yaliyokatika, nafuta mate, kwamba baba yangu aling'olewa jino akafa.

Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ya mazishi alikuwepo mzee mmoja Mnyamwezi, jirani yetu, aliyekuwa mtani wa baba. Kama ilivyo desturi, alimwigiza marehemu uani mbele ya waombolezaji. Akajifunga kanga chini ya kidevu, akashika kopo la kutemea mate, akadai apewe uji. Akapiga funda, akautoa puani. Kisha akanyanyuka na kopo lake, akawa anajikongoja kwenda hospitali huku mate yakimtiririka kifuani. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, halafu nikajificha chooni nikalia.

Yule binti alikuwa ameshika kioo chake kidogo cha kutazamia meno. Akakishusha.

"Mtani, hebu rudia hapo. Uji ulitoka puani kabla hajaenda kung'olewa?"

"Kabla. Aliigiza anavyokwenda."

"Na kopo la mate?"

"Alikwenda nalo."

Akavuta kigoda akakaa, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Mimi sikuwepo, siwezi kuapa," akasema. "Lakini matanga ya kwetu nayajua. Mtani wa msibani hatungi. Anaigiza kile ambacho kila mtu alikiona, la sivyo nani atacheka? Mtu asiyeweza kumeza hata mate yake, usaha umeshafika kooni. Baba yako alitoka nyumbani akiwa tayari anakufa. Koleo lilimkuta, halikumuua. Kilichomuua ni kungoja." Akakinyooshea kidole kitambaa changu kilicholowa. "Na wewe leo uko palepale alipokuwa yeye."

Niliachia vyuma vya kile kiti, nikafumbua mdomo kwa kadiri ulivyokubali.

Sitasema haikuuma. Sindano iliuma, na jipu la usaha lilipopasuliwa nilipiga ukelele ambao mama aliusikia kule kwenye benchi. Lakini mikono ile ilikuwa mepesi na ya hakika, wala mdomo wake haukupumzika: Wakwere tunapenda kulala, Wakwere tukiona kazi tunaumwa meno. Mimi nakata nyama kwa kazi, mkono unaojua unakopita naufahamu nikiuona, na ule ulijua. Nililazwa na dripu, dawa ikapitishwa mshipani, na safari hii hakuna kidonge kilichoingia kabatini. Uvimbe uliposhuka nikarudi mwenyewe kwa miguu yangu, akaling'oa. Akaninyanyulia jino juu nilione, limepinda mizizi, akasema deni la babu zake limelipwa nusu.

Maneno ya daktari sikumpa mama siku ile ya kwanza. Habari kama ile haisemwi kwa mdomo uliokaza. Nilingoja mpaka ganzi ya kung'olewa ilipokwisha, nikamkuta ukumbini anachambua mchele, nikakaa chini karibu yake. Nikamweleza yote: kopo, uji, usaha kooni. Nikamwambia, "Mama, si wewe. Hukuwa wewe kabisa." Nilitegemea atalia, au atamshukuru Mungu.

Aliokota chembe moja ya jiwe, akaitupa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilimwambia nenda tangu siku shavu lilipoanza kujaa. Nilimwomba, nikampigia magoti. Akakataa. Baba yako alikuwa mwoga wa koleo, mwanangu, hata lile la fundi seremala alikuwa hataki kulitazama. Alikubali pale aliposhindwa kupumua vizuri."

Hasira ya miaka yote ikanipanda, sijui hata kwa nani. "Sasa mbona hukuwaambia mashangazi? Miaka yote wanakusema, wewe kimya?"

"Ningewaambia nini? Kwamba kaka yao amekufa kwa woga? Nanyi wanawe mko pale mnasikiliza?" Akaupepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Maiti hawezi kujitetea. Mimi nilikuwa hai, nilikuwa naweza kubeba."

Nilimshika mkono uliokuwa na vumbi la mchele, nikaubusu, nikauweka juu ya shavu langu ambalo bado lilikuwa linauma.

"Na leo unanieleza kwa nini, mama?"

Akanitazama, jicho lake kavu kabisa.

"Kwa sababu wewe uliogopa kama yeye," akasema, "lakini uliingia."