Nusu ya Aya

Ndugu yangu mkubwa alifukiwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu huko Masara, Migori, miaka michache baada ya Uhuru. Wenzake walimfukua kwa majembe na mikono. Walipomleta nyumbani, mama alitoka mbio hadi njiani akipiga mayowe: "Nyathina! Mtoto wangu!"

Mzee wa kanisa letu alikuwa ameshafika. Akamshika mkono. "Mama, nyamaza. Wasiomjua Mungu ndio hulia hivyo. Sisi tuna tumaini."

Mama akanyamaza. Hilo liliniuma karibu kama kifo chenyewe. Siku ya mazishi tuliamriwa kuimba nyimbo za shangwe, na yeye akaimba, kisha akashindwa, akaiuma ncha ya leso yake mpaka mwisho. Majirani waliokuja kuomboleza kwa desturi yetu walizuiwa langoni kana kwamba wameleta ugonjwa. Kijana amekufa, mama yake amekatazwa kulia, na watu wakaita hiyo imani!

Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma Neno kanisani, kwa sababu nilikuwa nimesoma shule. Tulisoma kwa Kiswahili, maana Wajaluo na Wakuria tuliabudu pamoja. Sabato iliyofuata mzee aliniita kando kabla ya ibada.

"Binti yangu, leo utasoma Warumi, sura ya kumi na mbili. Hapa, tunapoambiwa tufurahi na wanaofurahi. Ukifika kwenye hii nukta mkato, kaa chini."

Nikatazama ukurasa. "Na hii sehemu nyingine ya aya?"

"Leo hatuihitaji."

Hatuihitaji! Nilisimama mbele ya watu. Nilisoma mpaka kwenye ile nukta mkato. Nikamwona mama kwenye benchi la wanawake, ameinamisha kichwa. Basi nikaendelea. Nikasoma kwamba tulie na wanaolia, kisha nikasoma tena, kwa sauti zaidi.

"Kaa chini!" mzee alisema.

"Aya ilikuwa haijaisha, mzee," nikamjibu. "Na Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, huku akijua kwamba atamfufua. Je, yeye naye hakuwa na tumaini?"

Kabla hajajibu, mama alilia. Kilikuwa kilio kile kile cha njiani, kana kwamba kilikuwa kimemngoja tangu siku ile. Mama mmoja wa Kikuria, ambaye hakujua hata jina la ndugu yangu, aliondoka mahali pake, akaja kumkumbatia, naye akaangua kilio. Wengine wakafuata. Mahubiri ya furaha hayakuhubiriwa siku hiyo.

Wazee walikutana, wakatuzuia mimi na mama kushiriki meza ya Bwana mpaka tutubu.

"Nitubu nini?" mama aliuliza. "Machozi?"

Hatukutubu. Tulihamia Homa Bay kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa akiuza samaki, na huko mama akapata kanisa lingine. Nilikuwa nikihofia kwamba hataimba tena. Aliimba, tena kwa nguvu kuliko zamani, na mara nyingine machozi yakimtiririka katikati ya wimbo. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hospitalini, alimpokea akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, huu ni wakati wa furaha," muuguzi alimkemea.

"Niache, mwanangu," mama akasema. "Yote ni yangu."

Baadaye mtu aliyetoka Migori alituletea salamu. Mzee wa kanisa alisema ametusamehe. Ametusamehe! Mama alicheka, akaendelea kupara magamba ya samaki. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikikumbuka ujumbe ule hasira hunipanda, wala siombi iniondoke.