Barafu ya Mama Koki

Mama Koki alipoambiwa na bintiye kwamba anataka kuingiza maji ndani ya kompyuta, spana ilimponyoka ikaangukia kidole cha mguu, na wala hakusikia maumivu.

"Maji ndani ya nini?"

"Ya kompyuta, mama."

"Mwanangu, una homa?"

Msimcheke. Huyu ni fundi bomba mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, mwanamke aliyeingia chini ya masinki ya watu mpaka mgongo ukampinda, na kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha maji hayafiki yasikotakiwa. Kila akimaliza kuunga bomba, hufunga tishu kwenye kiungo, huketi pembeni na kikombe cha chai, hungoja. Tishu ikibaki kavu, hutamka neno moja tu, "Haivuji," akakusanya vyombo vyake na kuondoka. Hakuwahi kulitamka kwa kazi ya fundi mwingine. Hata marehemu mumewe, aliyemfundisha ufundi wenyewe, aliishia kuambiwa, "Tutaona."

Binti naye hakuwa na homa. Alikuwa mchora vikatuni, na kompyuta yake aliiunga mwenyewe, kifaa hiki mwezi huu, kile mwezi ujao, akaiweka mezani chumbani kwake chini ya bati. Ndani yake ilikuwamo kazi yake ya kwanza ya maana: filamu ya dakika sita ya kufundisha watoto kuvuka barabara, jasho la miezi mitatu. Mwenye kazi aliitaka Ijumaa saa sita mchana, la sivyo angempa mtu mwingine. Tatizo ni kwamba jua likipamba moto, bati linawaka, kompyuta inachemka, feni zinalia kama mashine ya kusaga, halafu tap! Inajizima.

"Feni zimeshindwa," binti akaeleza. "Maji yanapita kwenye mipira, yanabeba joto la ubongo wa kompyuta, yanalipeleka kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Kama gari tu. Ila yasivuje hata tone."

Kusikia habari ya kuvuja, mama akavuta kiti.

Jumamosi nzima walikuwa wameinamia meza. Pampu ndogo, rejeta ndogo, na badala ya tangi ndoo ya lita tano yenye mfuniko, imekaa sakafuni. Nati zote alikaza Mama Koki, isipokuwa moja, ile iliyo juu ya ubongo wenyewe, mahali mkono wake mnene haukupenya. Hiyo aliikaza binti.

"Nusu mzunguko. Tena kidogo. Basi, acha! Ukizidisha utaipasua."

Wakafunga tishu kila kiungo, wakazungusha maji siku nzima kompyuta ikiwa imezimwa. Zote kavu. Binti akamtazama mama yake, akingoja lile neno.

"Tutaona," mama akasema.

Jumatatu waliiwasha. Khaa! Maji yanazunguka, umeme unapita, na hakuna kilicholipuka! Mama Koki alisimama mlangoni mdomo wazi, mkono kifuani, akarudi kuchungulia mara nane. "Dunia hii!" alisema. "Nimezeeka bure."

Yaliyotokea Jumanne ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Mchana binti alitoka kwenda dukani, akaacha kompyuta inaunganisha picha. Jua siku hiyo halikuwa na huruma. Mama akachungulia, akaona ile namba ya joto kwenye kioo: sabini. Akageuka, akarudi: sabini na sita. Mtoto hayupo, mashine itazima, kazi itapotea! Akakimbilia friji, akatoa vibao viwili vya barafu, akafunua ndoo, akamwaga. Namba ikashuka. Hamsini. Arobaini. Mama Koki akajipigia makofi, akaenda kugonga kwa jirani, akarudi na bakuli jingine la barafu, nalo likazama ndooni. Namba ilishuka mpaka akacheka peke yake. Kisha akaenda zake kuosha vyombo.

"Mamaaa!"

Sahani ilivunjika. Alipofika chumbani alikuta kioo cheusi na binti ameshika kichwa. Kwenye bodi ya kompyuta, chini kabisa ya ile nati yake, kulikuwa na kidimbwi cha maji.

"Chomoa plagi," mama akasema.

Binti akachomoa, akaketi sakafuni. "Ni nati yangu. Zako zote ziko sawa. Ni yangu mimi."

Mama Koki akashika mpira. Umelowa, lakini si kwenye nati tu, umelowa wote. Akaupangusa mpaka ukakauka, akatazama. Matone madogo yakachomoza tena, hapa, pale, kila mahali. Bomba la maji baridi kwenye hewa ya joto hutoa jasho, hilo hata mwanafunzi wa ufundi wa wiki moja analijua! Amewaeleza wateja mara ngapi? "Mama, dari lako halivuji, ni bomba linatoa jasho." Na leo barafu ameitia kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo, jamani, mimi namkasirikia mpaka leo. Miaka thelathini na mmoja hajarudishiwa kazi hata siku moja, na aibu ikamshika ulimi, akamwacha mtoto wake akaushe bodi kwa kitambaa huku akijilaumu.

Jioni, akiwa jikoni, akamsikia binti kwenye simu. "Shangazi, shikamoo. Ile nafasi ya kuuza nguo dukani kwako bado ipo? Nimeacha mambo ya kompyuta. Sina mikono ya kazi hii."

Mama Koki akaingia na mwiko mkononi. "Kata simu."

"Mama, naongea na—"

"Nilitia barafu."

Binti akashusha simu bila kuikata.

"Barafu? Wapi?"

"Kwenye ndoo. Vibao viwili. Na bakuli la jirani."

"Na la jirani?!" Binti alimkodolea macho kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mama akaeleza yote, jasho la bomba, namba ya joto, ukimya wake wa mchana kutwa, akangoja kufokewa. Alikuwa tayari.

Binti akauliza, "Kwa hiyo nati yangu haikuvuja?"

Mama akatikisa kichwa: haikuvuja.

"Shangazi," binti akasema kwenye simu, "hiyo nafasi mpe mtu mwingine." Na kompyuta ilikuwa haijulikani kama itawaka tena.

Siku mbili feni ilipuliza bodi. Alhamisi wakajaza maji mapya, yasiyo baridi, Mama Koki akafunga tishu kwenye nati ya binti, akaenda kuchemsha chai. Binti akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa ikawaka, pampu ikanguruma, na kiooni akatokea mtoto wa katuni, amesimama kando ya barabara, anatazama kulia na kushoto. Binti alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Mama hakutazama kioo. Aliketi na kikombe chake, macho kwenye tishu, mpaka alasiri filamu ilipokamilika na kutumwa. Ndipo akaifungua tishu, akaipapasa kwa vidole, akaigusisha shavuni. Kavu.

"Haivuji," akasema.

Binti aligeuka taratibu, mdomo wazi. "Mama, umesemaje?"

"Umesikia. Sirudii."