Chupa Iliyofunguliwa Chumbani

Kahambu, mwenye duka la vitenge hapa Kalembe, ana wivu. Simsengenyi, yeye mwenyewe anajua, na sisi majirani tumeshauzoea.

Mwaka huu wivu ulikuwa juu ya Céline, mtoto wa marehemu dada yake. Alimtoa Butembo akiwa bado ananyonya, akamlea, akamsomesha. Sasa Céline ameposwa na kijana wa Emérita, mwanamke mkulima wa milimani Masisi anayetengeneza fromaji, yaani jibini, na kila Céline akirudi kutoka huko hadithi ni moja: Mama Emérita alisema hivi, fromaji ya Mama Emérita ni tamu vile. Kahambu akisikia hilo neno "mama" anakatiza hadithi. Sokoni kila mtu alijua hampendi yule mwanamke, maana hakuficha.

Wakwe walipotangaza kuja, aliapa hatawapa kasiksi, pombe ya ndizi kama wanayokunywa kila mahali. Alishuka Goma, akarudi na chupa moja ya divai nyekundu. Muuzaji alimfundisha, naye akatufundisha sote, tutake tusitake: zabibu yake inaitwa Tempranillo, inatoka Rioja, kule Hispania, na imelala zaidi ya mwaka ndani ya pipa la mti wa mwaloni, ndiyo maana inanukia vanila na moshi kidogo. Inafaa kwa mbuzi wa kuchoma na fromaji iliyokomaa. Akifika kwenye fromaji alikuwa ananuna. Tena ifunguliwe saa nzima kabla ya kunywewa, ipate hewa.

Basi akaifungua chumbani, mlango umefungwa, wageni wasimwone akihangaika na kizibo. Mwanamke mwenye akili zake timamu. Amezaliwa nchi hii, anajua kwamba hata soda hufunguliwa mbele ya mgeni, na anayeileta huonja kwanza. Fahari ilimsahaulisha.

Mbuzi alikuwa mezani, fromaji ya Emérita pembeni, Kahambu alipotoka na chupa wazi na kuwajazia wakwe glasi. Habineza, mume wa Emérita, aliitazama shingo ya chupa, akaisukuma glasi polepole.

— Mama Kahambu, utusamehe. Leo tumbo yangu haiko muzuri.

Ndugu yake naye akasema tumbo. Emérita akainamisha macho. Hakuna aliyetaja sumu, lakini sote, wageni na majirani, tuliifikiria, na tulikumbuka jinsi Kahambu alivyomsema Emérita sokoni. Kahambu alielewa. Aibu ilimzuia hata kuonja mwenyewe. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea. Uchumba ungeweza kufa pale pale.

Céline akainuka, akaichukua glasi ya baba mkwe wake, akanywa yote.

— Yeye njo alinilea, akanikomalisha, akasema. Kila kitu nilikula ilitoka mu mikono yake. Mama, uniongezee.

Kahambu akamimina huku analia mbele ya watu. Emérita akainua glasi yake, akanywa, kisha akakata fromaji na kumpa Kahambu.

— Kamata, dada. Ukule nayo.

Kwa kiburi Kahambu hakuwa amewahi kuionja. Akaitafuna, akanywa divai juu yake, na nikauona uso wake ukilegea bila ruhusa yake. Muuzaji wa Goma hakudanganya.

— Iko na chumvi mingi, Kahambu akasema.

Céline alikuwa amekaa karibu naye, amemwekea mkono begani. Kahambu akavuta kisu, akajikatia kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.