A ya Chini Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya Toronto nilipewa kioo cha kukuzia, penseli mbili na onyo.

"Katika kazi hii haturekebishi nyimbo, bwana Simiyu," Mhariri aliniambia. "Tunanakili. Ukiona kosa, linakili lilivyo."

Niliitikia kwa kichwa. Sasa nikikumbuka, sina hakika kwamba nilimsikia.

Ninyi mnaopuliza zumari ya mfuko leo mnaupata wimbo kwenye simu, mnausikiliza mara kumi kabla ya kugusa ala, kwa hiyo huenda hamjui kwamba kazi hii ilikuwepo. Mhariri alikuwa mjane wa asili ya Kiskoti, mwenye karakana ya kurekebisha zumari karibu na barabara ya Kipling. Katika chumba cha nyuma, palipowekwa beseni la maji ili hewa kavu ya majira ya baridi isipasue mbao, alikuwa na mikusanyo ya nyimbo za Uskoti, ile ya mwanzo mwanzo kuandikwa. Alitaka kuichapa upya katika kitabu kimoja kabla macho yake hayajazimika. Mimi nilikuwa na kidato cha nne tu, lakini noti za muziki nilizijua, na kompyuta nilijifunza. "Macho yangu ni wewe," alizoea kusema.

Noti nilifundishwa Kenya, katika bendi ya askari. Mkuu wa wapuliza zumari, tuliyemwita Paipu Meja, alifundisha kwa mdomo kwanza: anaimba, tunaimba, kisha ndipo tunagusa matundu. Nilihamishwa naye Nakuru, Nanyuki, Nairobi. Baadaye nikawa najihamisha mwenyewe, maana mimi sikai: Doha, Halifax, Toronto. Kila mji niliingia na vidole vile vile alivyonipa.

Zumari ya mfuko haina kituo. Mfuko ukishajaa upepo, sauti haikatiki. Ukitaka kupiga noti moja mara mbili, sharti uzitenganishe kwa noti ndogo, za haraka kama kupepesa jicho. Hayo ndiyo madoido. Liko doido moja refu ambalo Waskoti huliita taorluath. Sisi tulilipiga hivi: vidole vyote chini, pigo moja, yaani kidole kimoja kuinuka na kurudi upesi, vyote chini tena, kisha kidole kidogo cha mkono wa kulia kinainuka pamoja na pigo la mwisho, na hapo unatua kwenye noti ya A ya chini. Katika vitabu vya zamani niliikuta A nyingine, imekaa kabla ya pigo hilo la mwisho. Yaani kidole kidogo kilitakiwa kitangulie kuinuka, peke yake.

Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Mchapaji alikuwa amelewa, nilijiambia, nikaifuta katika nakala yangu. Ukurasa uliofuata ilikuwepo tena. Nikaifuta tena. Sikumwambia Mhariri, na wala sikuona kwamba namficha kitu. Kwenye bendi, kuruta aliyeleta karatasi yenye kosa alizungushwa uwanja zumari ikiwa kichwani, hata kama kosa halikuwa lake. Nilizoea kusafisha karatasi kabla mkubwa hajaiona. Nilifuta kwa miezi saba, nikiamini namsaidia.

Wiki ambayo kitabu kilikuwa kiende kwa mpiga chapa, mteja mmoja alileta daftari la babu yake, limeandikwa kwa mkono, wino umegeuka rangi ya chai. Mhariri akaniomba nimsomee. Katika ukurasa wa pili ile A ilikuwa pale. Wa tatu pia. Hapakuwa na mchapaji wa kulaumiwa.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Wino umefifia, mama."

Nilikaa na uongo huo siku mbili. Jina lake ndilo lingekuwa juu ya jalada, na yeye hakuweza kuona nilichofanya. Siku ya tatu nilimwambia.

"Umefuta ngapi?"

"Zote."

Hakupaza sauti. Aliniambia nilete zumari. Nikapiga wimbo mmoja bila ile A, kisha nikaupiga nayo, kidole changu kidogo kikijikwaa kila mara. Alisikiliza amefumba macho.

"Baba yangu hakuipiga hiyo," alisema. "Mimi siipigi. Wala simjui mtu hapa mjini anayeipiga."

"Basi nilikuwa sahihi?"

"Sijui! Ndiyo maana nilikwambia unakili."

Mpiga chapa akaambiwa angoje. Nilirudisha A moja baada ya nyingine hadi theluji ikayeyuka. Lakini kichwa changu hakikutulia. Kama kote imeandikwa, na popote haipigwi, ilikwenda wapi? Jumapili moja nikampigia Paipu Meja, ambaye sasa ni mstaafu huko Bungoma.

"Simiyu! Hujachoka kutangatanga? Uko nchi gani sasa?"

"Bado niko Toronto, afande."

"Bado? Basi wamekufunga."

Nikamwuliza habari ya ile A.

"Ilikuwepo," alisema. "Mimi nilifundishwa nayo. Ninyi ndio niliowaondolea."

"Kwa nini, afande?"

"Kwa ajili yako, bwana! Kidole chako kidogo kilikuwa kizito kama mchi, na gwaride lilikuwa Jumamosi. Mmoja akichelewa, bendi nzima inasikika mbovu. Nikawaambia wote waiache."

"Na baadaye hukuirudisha?"

"Nani alilalamika?"

Kitabu kilitoka, kikiwa na A zake zote. Kidole chenyewe sasa kimekakamaa, kwa hiyo nimestaafu zumari nikiwa na miaka arobaini na minane, na riziki naipata kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Mengi bado hayanikai kichwani. Mhariri na baba yake hawakuwahi kukutana na Paipu Meja. Wao nani aliwaondolea ile A, na kwa ajili ya kidole cha nani? Mkikifungua kitabu kile, siwezi kuwaambia kama muipige ile A au muiache. Ila msiifute.

Asubuhi, ndani ya basi la barabara ya Islington, huushika mwavuli kama zumari na kujaribu: kidole kidogo kitangulie, peke yake. Bado kinachelewa.